Misumari ya Inchi Nne

Wakaguzi wamekaa siku tatu dukani, Barabara ya Saba,
na vikokotoo vyao, na soda nilizonunua mimi.
Wananiuliza: Mzee Mhina,
misumari yote hii mlimuuzia nani?
Kilo mia mbili Januari. Kilo mia mbili Julai.
Ghalani haikuingia, stakabadhi haina,
na Tanga nzima haina mbao za kuimeza.

Natia sukari kwenye chai niliyokwisha kuitia sukari.

Mwandiko ni wangu, siukani.
Maneno ni ya marehemu Fidahusein:
"Andika misumari, Mhina. Inchi nne."
Inchi nne ni ada ya kidato cha nne.
Inchi sita, cha sita.
Bawaba, jozi, ni macho ya mtu yaliyopasuliwa Bombo.
Bati moja ni sanda.
Saruji hatukuifumba. Saruji ilikuwa saruji.
"Kitu kimoja kiwe kweli," alisema,
"tusije tukapotea wenyewe."

Mjini walimwita mkono wa birika.
Ijumaa ombaomba walilipita duka lake
kama nyumba yenye mbwa.
Aligombania senti hamsini hadi mteja akatupa kitasa,
alivaa viatu vilivyotiwa soli mara nne,
na mshahara wangu, Mungu amrehemu,
haukupanda miaka mitano. Hilo nalo liandikwe.

Siku moja daktari wa kike alikuja kununua kufuli.
Wakavutana bei. Akaondoka amenuna,
akasema mlangoni, watu wasikie, "Tajiri gani huyu!"
Nilimjua: inchi sita, mwaka themanini na tisa.
Mzee alicheka hadi akakohoa.
"Umeona, Mhina? Umeshika."

Alizaliwa Raskazone, nyumba ya ghorofa
yenye yaya wawili na piano isiyopigwa.
Mkonge wa baba yake ulianza Pongwe
na macho yalichoka kabla haujaisha.
Serikali ilipouchukua, ndugu zake walipanda ndege.
Yeye alibaki na duka, na mizani.
Kwa nini, sikumwuliza. Alinieleza mwenyewe, mara moja tu,
umeme umekatika, tunahesabu makomeo kwa mshumaa:

Alikuwa na miaka tisa. Siku ya mishahara, shambani.
Baba alimpa kalamu ajifunze hesabu.
Akaja manamba wa Kasulu, Kagoma jina lake,
akanyoosha kipande kwa mkono wa kushoto;
wa kulia ulibaki ndani ya korona.
"Siku za hospitali hazihesabiwi," baba alisema. "Kata."
Mtoto akakata. Siku kumi na moja.
Mstari ulinyooka, baba akamsifu.

Mshumaa uliisha. Tukaenda nyumbani, kila mtu kwake.

Wakaguzi wameandika HASARA, wakagonga mhuri.
Na iwe hasara, mimi si wa kubishana na mhuri.
Ila hawakuuona mstari mmoja
ulio katika kila mwezi, miaka thelathini na mmoja:
kamba ya katani, pima moja.
Duka letu halijawahi kuuza kamba.
Niliwahi kumwambia, "Na hii ni sadaka ya nani?"
Akafunga daftari.
"Hiyo si sadaka."
Bahasha niliipeleka mimi, kwa baiskeli, Mabokweni,
kwa mjane, kisha kwa binti,
sasa kwa mjukuu ambaye hajui inatoka wapi
na ameacha kuuliza.

Leo tarehe thelathini.
Warithi wamebadilisha kufuli za duka.
Mfukoni nina elfu kumi na saba,
na pima moja najua bei yake.
Nachonga penseli.
Gurudumu la nyuma linataka upepo.